Herufi Moja Katika Damu: Tunajifunza Nini Kuhusu Mwili Ulio Hai?



Leo tunaingia kidogo maabara. Msiogope, hata kama biolojia uliiaga kidato cha pili tutakwenda pamoja taratibu. Kama una daftari karibu, lichukue.

Somo hili limetokana na swali. Jumapili moja, baada ya kipindi cha vijana, dada mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma wakati wengine tunapanga viti. Ana selimundu tangu utotoni (wengi mtaani tunaiita sikoseli), na wiki ile alikuwa ametoka kulazwa. Akaniuliza, "Kaka, tunafundishwa kwamba Mungu ametuumba kwa hekima. Daktari ameniambia ugonjwa wangu umetokana na kosa la herufi moja. Sasa aliyekosea ni nani?"

Nikajibu haraka haraka. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba selimundu ina uhusiano na malaria, nikamwambia kuwa watu kama yeye wamebeba mzigo ili wengine waishi. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo mimi ni gharama?" Akachukua mkoba wake, akaenda.

Jibu langu lilikuwa bovu kisayansi na bovu kiimani. Nimerudi kusoma vizuri, nikaenda kumwomba msamaha, na ameniruhusu niwaandikie haya. Kwa hiyo somo la leo ni jibu ambalo nilipaswa kuwa nalo siku ile.

1. Hiyo herufi moja ni nini?

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA. Ni kama maandishi marefu sana: herufi za aina 4 tu, lakini zimepangwa kwa urefu wa herufi kama bilioni 3. Sehemu ya maandishi hayo inayobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, tunaiita jeni. Kila jeni unazo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama.

Sasa tazama damu. Ndani ya seli nyekundu kuna protini inayoitwa hemoglobini, ambayo huchukua oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Seli moja tu ina molekuli za hemoglobini kama milioni 270. Kwa mwenye selimundu, katika jeni ya hemoglobini, mahali palipokuwa pawe na herufi A pana T. Basi. Kwa sababu hiyo, mnyororo wa protini wenye vipande 146 unapata kipande kimoja tofauti, kile cha sita.

Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hupenda kushikana na wenzake. Zinajipanga kama kamba ndefu na ngumu, na ile seli laini ya mviringo inapinda kama mundu. Seli zilizopinda zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapotoka. Pia zinakufa mapema: seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni kile kipande kimoja. Ilikuwa kazi kubwa. Wengi wakaona njia imeshapatikana: mwili ni kama pikipiki, tafuta kipande kibovu na utakuwa umeelewa kila kitu.

Je, ni kweli? Tuendelee.

2. Herufi ileile, maisha tofauti

Kama herufi moja ingeeleza kila kitu, basi wote wenye selimundu wangeumwa sawasawa. Lakini sivyo. Yupo anayelazwa karibu kila mwezi, na yupo anayemaliza miaka bila kulazwa. Herufi ni ileile. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni mbio zinazoendelea ndani ya mishipa. Hemoglobini haishikani papo hapo. Inachukua muda kidogo baada ya kuachia oksijeni. Seli nyingi huwahi kupita kwenye mishipa midogo na kurudi mapafuni kabla ya zile kamba kuundika. Chochote kinachozichelewesha njiani, au kinachofanya hemoglobini ibanane ndani ya seli, kinabadilisha matokeo ya mbio hizo. Ukikosa maji, seli inanyauka na hemoglobini inabanana. Baridi inabana mishipa. Maambukizi yanafanya kuta za mishipa zinate, seli zinakwama. Kwa hiyo mama anaposema "kunywa maji, vaa sweta, homa ikianza twende hospitali," anagusa kitu kile kile kinachotokea ndani ya seli.

Sababu ya pili inaanzia tumboni mwa mama. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini ya aina nyingine. Baada ya kuzaliwa, mwili unaipunguza taratibu na kuanza ile ya watu wazima. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili sana katika miezi ya mwanzo, akahisi ni ile hemoglobini ya tumboni inayowakinga. Na ndivyo ilivyo, kwa sababu hiyo hemoglobini huzuia kamba zisiungane. Wapo watu ambao miili yao inaendelea kuitengeneza kidogo hata ukubwani, na wengi wao huumwa kwa nafuu.

Nani anaamua itengenezwe kiasi gani? Jeni nyingine, tena zilizo mbali kabisa na ile yenye kosa. Mojawapo inaitwa BCL11A. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kazi yake ni kama ya mlinzi anayezima taa: ndiyo inayozuia hemoglobini ya tumboni isiendelee kutengenezwa.

Mnaona? Ile herufi haijawahi kufanya kazi peke yake. Inategemea maji, joto, mishipa, jeni nyingine, na umri.

3. Damu na mahali

Sasa tutoke nje ya mwili. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Akakuta jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba nakala moja ya jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mtu 1 katika 100. Tofauti ya makabila haikueleza jambo hilo. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Jibu unalijua, maana limekung'ata: mbu wa malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake.

Tuelewane vizuri hapa. Mwenye nakala mbili za jeni hiyo ndiye mgonjwa wa selimundu. Mwenye nakala moja tunamwita mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na amekingwa sana dhidi ya malaria kali. Zamani, kabla ya dawa na vyandarua, watoto wabebaji walipona malaria zaidi kuliko wenzao, wakakua, wakazaa. Kizazi baada ya kizazi, jeni hiyo ikaenea mahali penye mbu.

Na hapa ndipo nilipokosea. Nilimweleza yule dada kana kwamba kuna kikao kilikaa kikamchagua alipe kwa niaba ya wengine. Hakuna kikao. Jeni ilienea kwa sababu wabebaji walinusurika, basi. Tena yeye mwenyewe hapati kinga hiyo: malaria kwa mwenye selimundu ni hatari sana, na anahitaji kujikinga nayo kuliko sisi wengine.

Lakini angalia somo lililopo. Ukiuliza, "Herufi hii ni nzuri au mbaya?" swali lako halijakamilika. Imo katika nakala ngapi? Ndani ya mwili gani? Mahali gani? Herufi ileile ambayo ni kinga kwa mtoto wa pwani mwenye nakala moja, ni maumivu kwa ndugu yake mwenye nakala mbili.

4. Mwili ni kama kwaya

Sayansi inayoshughulikia mambo haya inaitwa biolojia ya mifumo. Haitosheki kuorodhesha vipande vya kiumbe. Inauliza vipande hivyo vinaongozana vipi, vinazuiana vipi, vinasaidiana vipi.

Chukua kwaya ya parokia yako. Nikikupa majina yote ya wanakwaya, hujausikia wimbo. Ukimsikiliza mwimbaji wa besi peke yake nyumbani, unaweza kudhani amepotea. Lakini wakiwa pamoja, wanasikilizana, huyu anashusha, yule anapandisha, mmoja akipatwa na kikohozi mwenzake anamfunika. Wimbo upo kwenye kule kusikilizana.

Na tusidhani kwamba ugumu huu uko kwa binadamu tu. Mwaka 2016 wanasayansi wa Marekani walitengeneza bakteria mwenye jeni chache kadiri walivyoweza, ili wapate kiumbe rahisi kabisa kinachoishi na kuzaliana. Wakafika jeni 473. Kati ya hizo, jeni 149 hawakujua kazi yake hasa ni nini, lakini walipoziondoa kiumbe kilikufa au kikashindwa kukua vizuri. Hicho ndicho kiumbe chao rahisi!

5. Tiba iliyoingia kwa mlango mwingine

Kuufikiria mwili kama mfumo kumeleta hata tiba. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayoitwa Casgevy. Madaktari huchukua seli mama za damu za mgonjwa, huzihariri, kisha humrudishia. Ungetarajia warekebishe ile T iwe A tena, si ndiyo? Hawakuigusa! Walichofanya ni kumdhoofisha yule mlinzi, BCL11A, ndani ya seli za damu, ili hemoglobini ya tumboni iwake tena. Kosa bado lipo, ila mfumo umepata njia nyingine.

Tiba hiyo bado iko mbali na sisi. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji dawa kali na kulazwa muda mrefu. Lakini kipo kidonge cha siku nyingi, haidroksiyurea, ambacho nacho huongeza hemoglobini ya tumboni. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola kwa watoto zaidi ya 600, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kilipunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Ukiwa na ndugu mwenye selimundu, muulizeni daktari wake kuhusu dawa hiyo.

6. Makosa mawili ya kuepuka

Wapendwa, mambo haya yanaweza kutupeleka kwenye makosa mawili.

La kwanza utalisikia sana chuoni: "Sisi ni kemikali tu." Hilo neno "tu" ndilo lenye shida. Kemikali zipo, ndiyo. Lakini tumeona kwamba hata seli nyekundu moja huwezi kuielewa kwa kuorodhesha kemikali zake. Kama "tu" haitoshi kwa tone la damu, itatoshaje kwa mtu anayependa, anayesali, anayeuliza "aliyekosea ni nani?" Kanisa linafundisha kwamba mwili na roho ya mtu si vitu viwili vilivyobandikwa pamoja, bali ni umoja mmoja (tazama Katekisimu, na. 365). Huo ni ukweli wa imani, haupimwi kwa darubini, na wala haupingani na darubini.

Kosa la pili ni letu sisi tunaosali: "Mwili ni mgumu mno kuelewa, sayansi haiwezi kuueleza, hapo ndipo Mungu alipo." Kaa mbali na hoja hiyo. Zile jeni 149 zisizojulikana, kazi za baadhi yake zimeshajulikana baadaye. Kama ulikuwa umemficha Mungu humo, utamhamishia wapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino alishafundisha kwamba Mungu hufanya kazi kwa kuvipa viumbe vyenyewe uwezo wa kutenda. Hashindani na jeni wala na maji. Ndiye anayevipa kuwepo na kutenda. Kwa hiyo tunachokijua na tusichokijua vyote ni vyake.

Ndiyo maana Wakatoliki hawakuogopa kuchunguza. Kanuni za urithi zilianza kueleweka bustanini kwa mtawa wa Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyechapisha kazi yake kuhusu njegere mwaka 1866. Alikuwa anapanda mbegu, anahesabu, na anasali masifu, siku ileile moja.

7. Basi, aliyekosea ni nani?

Turudi kwa dada yetu. Soma Yohane sura ya 9. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, waliuliza karibu swali hilohilo: dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili, kisha akamsogelea yule mtu. Kwa hiyo acheni maneno ya laana ya ukoo. Acheni kumtupia mama lawama. Jeni ile inatoka kwa wazazi wote wawili.

Herufi za DNA hubadilika pale seli zinapozinakili. Bila uwezo huo wa kubadilika viumbe visingeweza kuendana na mazingira mapya, na uwezo huohuo huleta pia maumivu. Katekisimu (na. 310) inatuambia Mungu ameumba ulimwengu ulio safarini, bado haujafika ukamilifu wake, na ndani ya safari hiyo yapo maumivu ya kimwili. Hilo linanisaidia kuelewa kidogo. Lakini sitasema tena kwamba linajibu swali la "kwa nini mimi?" Kueleza jinsi kitu kilivyotokea hakumfuti mtu machozi.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: dada yetu si herufi ile. Tumeona hata kisayansi herufi peke yake haina maana kamili. Na Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia pamoja nacho. Herufi yake imo ndani ya mwili wake, na mwili wake umo kati yetu. Sisi nasi ni sehemu ya mfumo ule. Tunaweza kuwa maji au kuwa baridi.

8. Tufanye nini?

Pimeni kabla uchumba haujafika mbali. Kama wote wawili ni wabebaji, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa na selimundu, nafasi 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa nayo kabisa. Hesabu inaanza upya kila mimba. Watoto wawili wazima hawamhakikishii wa tatu. Lengo la kupima ni kujua, kisha mkazungumza kwa ukweli na daktari na padre wenu.

Changieni damu kama kikundi. Wagonjwa wa selimundu huihitaji mara kwa mara.

Na usimwambie mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Ombea, na dawa anywe.

Nilipomweleza dada yetu haya yote, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa kaka, nimekusamehe. Ila siku nyingine ukiniona nimekaa pembeni wenzangu wakicheza, niletee maji kwanza. Mahubiri baadaye."

Maswali ya kutafakari

1. Ni mara ngapi nimemwita mtu kwa jina la ugonjwa wake?
2. Je, imani yangu inaogopa maswali ya darasani? Kwa nini?
3. Katika jumuiya yangu nani anaumwa, na wiki hii nitampelekea nini?

Tusali

Ee Bwana, uliyetuumba viungo vingi katika mwili mmoja, utupe akili ya kuchunguza kazi zako bila woga, na moyo wa kukaa karibu na anayeumia bila maneno mengi. Uwabariki wote wenye selimundu, wazazi wao, na wanaowahudumia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane somo lijalo. Amani ya Kristo!